Wasomaji Wanauliza: Flaksi kwenye Uji, Maandazi na Mtori

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kitu kimoja: mbegu za kitani, ambazo wauzaji wengi wa Arusha na Moshi huziita flaksi. Mmea wake ndio ule unaotoa nguo ya kitani tunayoisoma kwenye Biblia. Nyuzi za shina hufumwa kitambaa, mbegu huliwa. Tumechagua barua nane.

Habari za kazi. Nilinunua nusu kilo ya flaksi, na kila asubuhi natia kijiko kimoja kikubwa kwenye uji wa ulezi. Huu ni mwezi wa pili. Naziona chooni nzima kama nilivyozimeza. Zinanisaidia, au natupa hela? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Sehemu kubwa ya hela unaitupa. Ganda la mbegu hii ni gumu na linateleza, hivyo meno yanaikosa na tumbo haliwezi kulivunja. Mbegu ikipita nzima unapata ute wa juu ya ganda, unaosaidia kulainisha choo. Mafuta ya omega-3 yamefungiwa ndani, yameingia na kutoka nawe hukuyaonja.

Dawa yake ni kusaga. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa flaksi ni kama gramu 7, na kina kalori zipatazo 37, nyuzinyuzi gramu 2, protini gramu moja na ushee, na omega-3 ya mimea, iitwayo ALA, kama gramu 1.6. Mwanaume mzima anahitaji gramu 1.6 za ALA kwa siku, mwanamke 1.1. Kwa hiyo kijiko kimoja kilichosagwa kinatosha siku nzima.

Anza kwa kuchambua, maana vijiwe vidogo na mabua hayakosekani. Usizioshe. Zikigusa maji tu zinatoa ute na kugandamana, na hutazikausha tena. Ukitaka ladha nzuri, zikaange bila mafuta kama unavyokaanga karanga: moto mdogo, dakika 3 hadi 5, ukikoroga muda wote. Zikianza kudundadunda na kunukia, zimwage kwenye sinia papo hapo, kwa sababu ukiziacha kwenye kikaango cha moto zinaendelea kuiva na kuwa chungu. Subiri zipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mbegu ya moto ikiingia kwenye blenda inatoa mvuke, na badala ya unga unapata uji mzito uliong'ang'ania visu.

Tumia kile kijagi kidogo cha kusagia viungo, kikiwa kikavu. Weka nusu kikombe tu, saga sekunde 10 hadi 15, zima, tikisa, rudia mara mbili au tatu. Ukishika kijagi ukakiona kina joto, pumzika. Asiye na blenda atumie kinu cha kutwangia hiliki, vijiko viwili kwa mara moja. Huhitaji unga laini kama wa ngano. Kila mbegu ikishapasuka, inatosha.

Kwenye uji, tia baada ya kuepua. Ukiuchemsha nao muda mrefu unavutika kama bamia. Punguza pia unga wa ulezi kidogo, maana flaksi huendelea kunywa maji na uji utakuwa mzito kadiri unavyokaa.

Kwa kuwa tumbo lako halijazoea iliyosagwa, anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa wiki nzima, kisha panda hadi cha chakula. Kila kijiko cha chakula kiende na glasi ya maji. Nyuzinyuzi bila maji huleta kinyume cha ulichotafuta: choo kigumu na tumbo lililojaa gesi.

Shikamooni. Nilichanganya flaksi kilo 1 kwenye unga wa lishe wa watoto, nikapeleka vyote mashineni. Baada ya wiki tatu unga umeanza kuwa mchungu na unanuka kama rangi ya mlango. Mwenye mashine ananiambia ni kawaida. (Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi)

Marahaba. Si kawaida, na pua yako haijakudanganya. Mafuta ya mbegu hii ndiyo hasa yaliyotumika miaka mingi kutengenezea rangi za mafuta na vanishi, kwa sababu yakikutana na hewa hubadilika upesi na kukauka. Kwa mbao hiyo ni sifa. Kwenye chakula maana yake mafuta yamechacha. Umwage huo unga. Tunajua inauma, ni hela, lakini kuupika hakuurudishi.

Mbegu nzima kavu, kwenye chombo chenye mfuniko mahali pa baridi, hukaa hata mwaka. Ikishasagwa, hewa inafika kila mahali. Moshi iko chini kuliko Arusha na joto lake ni kubwa, basi kabatini unga wa flaksi usizidi siku chache. Kwenye friji, ndani ya chupa iliyojaa hadi juu isiyopitisha mwanga, wiki tatu au nne. Friza ni bora zaidi, na unga haugandi kuwa jiwe. Unachota kwa kijiko moja kwa moja.

Kwa hiyo unga wa lishe usagishe bila flaksi. Flaksi isage nyumbani kila wiki, uitie kwenye uji ukishaiva. Familia ya watu wazima wanne, kila mmoja kijiko kimoja kwa siku, inamaliza gramu 200 kwa wiki. Zaidi ya hapo usisage. Karanga nazo ndani ya unga wa lishe zina tabia hiyohiyo ya kuchacha, tena zina hatari ya sumu ya ukungu, ila hiyo ni barua ya siku nyingine.

Na kwa sababu umetaja rangi: maduka ya vifaa vya ujenzi huuza mafuta ya kitani ya kupakia mbao. Hayaliwi hata tone. Mengi yametiwa kemikali za kuyakausha haraka. Vilevile usile mbegu za kupandia kutoka duka la pembejeo, kwani huenda zimepakwa dawa.

Za kahawia na za rangi ya dhahabu, zipi bora? Za dhahabu wananiuzia karibu mara mbili. (Msomaji, Ngaramtoni)

Nunua za bei nafuu. Tofauti ya lishe ni ndogo mno. Za dhahabu zina ladha laini kidogo na hazionekani kwenye chapati nyeupe.

Mume wangu anameza dawa za presha pamoja na aspirini ndogo. Jirani anasema akila flaksi aache vidonge. Naomba ushauri. (Dada wa Usa River)

Asiache. Jirani amesikia nusu ya habari. Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa 2013 kwa wagonjwa ambao mishipa ya miguu yao imeziba. Waliokula gramu 30 za flaksi iliyosagwa kila siku, namba ya juu ya presha yao baada ya miezi sita ilikuwa chini kwa takriban pointi 10 kuliko ya wenzao. Ni punguzo la kuheshimika. Lakini wengi wao walikuwa wanaendelea na dawa, na gramu 30 ni zaidi ya vijiko vinne vya chakula kila siku, si ile pinchi ya kunyunyizia juu ya matunda. Kolesteroli mbaya nayo hushuka kwa kiasi.

Mumeo anaweza kula kijiko kimoja hadi viwili kwa siku kama chakula, vidonge vikiwa palepale. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ute wa flaksi unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini, hivyo ameze vidonge saa nzima kabla ya kula flaksi, au asubiri saa mbili baada yake. Pili, amwambie daktari wake, kwa sababu flaksi nyingi pamoja na aspirini au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu, na presha inaweza kushuka kuliko inavyotakiwa. Apime kwa wiki mbili na kuandika kwenye daftari aende nalo kliniki. Wenye kisukari wanaotumia dawa wafanye vivyo hivyo kwa sukari.

Aliyewahi kuziba utumbo, au mwenye shida ya kumeza kwa sababu koo limebana, asile kabisa bila kuongea na daktari.

Napika maandazi na keki za kuuza. Mteja wangu mmoja mwanawe ana mzio wa mayai. Nilisikia flaksi inachukua nafasi ya yai. Maandazi yalitoka vizuri, keki ikazama katikati na ndani ikawa kama ugali mbichi. Nilitumia flaksi badala ya mayai manne. (Mpishi, Sakina, Arusha)

Kosa lako liko kwenye hiyo nne. Kipimo ni kijiko kimoja cha chakula cha unga wa flaksi kwa vijiko vitatu vya maji kwa kila yai, koroga, acha dakika 10 hadi uvutike kama ute wa yai. Kazi moja ya yai inafanyika hapo, nayo ni kushikanisha. Kazi ya pili haifanyiki: protini ya yai huganda kwenye joto na kushikilia hewa, ndiyo nguzo ya keki. Ute wa flaksi haugandi hivyo. Keki inapanda kwa baking'i pauda, haina nguzo, inashuka. Na maji yaliyonaswa kwenye ute hayatoki upesi, ndiyo maana ndani palibaki pabichi.

Badilisha mayai mawili, yasizidi. Chagua keki nzito zenye ndizi mbivu au karoti, ambazo tayari zina kitu cha kuzishika. Ongeza nusu kijiko cha chai cha baking'i pauda, punguza moto kidogo, oka dakika 10 zaidi. Keki ile ya kupiga mayai mpaka yaumuke usiijaribu. Hakuna ujanja.

Maandazi hayana shida hiyo kwa sababu nguzo yake ni unga wa ngano uliokandwa. Kwa vikombe 3 vya unga: sukari vijiko 5 vya chakula, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, hiliki nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, mafuta vijiko 2 vya chakula, ute wa flaksi wa "yai" moja, na tui la uvuguvugu robo tatu kikombe. Tui litie kidogo kidogo. Donge la flaksi mwanzoni linanata mikononi, na mpishi mwenye haraka huongeza unga, maandazi yakawa magumu. Usiongeze, liache dakika 10, flaksi itakunywa maji na kunata kutaisha. Kanda, funika hadi liumuke maradufu: saa moja na nusu hivi, na Arusha ya Julai hata saa mbili. Kaanga kwa moto wa wastani, kwani hupata rangi mapema kuliko ya kawaida na unaweza kudhani yameiva.

Omega-3 ndani ya donge haipotei sana kwa kuoka au kukaanga, maana katikati ya andazi joto halizidi lile la maji yanayochemka. Ila mwambie mteja kwamba wapo watu wenye mzio wa flaksi yenyewe. Ni wachache, lakini wapo.

Mafuta ya flaksi ya kula naweza kukaangia samaki? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Hapana. Huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 107 hivi, chini sana ya joto la kukaangia. Ni ya kutia kwenye kachumbari, yanakaa kwenye friji, na hayana nyuzinyuzi. Kwa hela ileile tungenunua mbegu.

Nina ujauzito wa miezi mitano, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Sisi wa huku tunapata samaki wa baharini kwa nadra. Flaksi itatosha badala ya samaki? (Mama, Himo)

Haitoshi, mama. Mtoto tumboni anahitaji omega-3 ya DHA kwa ajili ya ubongo na macho. Flaksi ina ALA, na mwili hubadilisha sehemu ndogo sana ya ALA kuwa DHA. Samaki hahitaji kutoka baharini. Dagaa wana DHA tayari, na huko Himo dagaa hawakosekani.

Kwa ujauzito, flaksi kila siku kwa vijiko hatushauri, kwa sababu ina lignani, kemikali ya mimea inayofanana kidogo na homoni ya estrojeni, na usalama wa kiasi kikubwa kwa wajawazito haujathibitishwa. Chapati yenye flaksi kidogo si neno. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti naye aulize daktari wake kwanza.

Mwanao bado mdogo, muache kwanza. Flaksi mbichi ina chembechembe zinazoweza kutoa sumu ya jamii ileile ya mihogo michungu. Mtu mzima anayekula kijiko kimoja au viwili hadhuriki, mwili wa mtoto ni mdogo. Akishafika miaka miwili, mpe iliyokaangwa na kusagwa, kijiko cha chai kisichojaa, ndani ya uji. Mbegu nzima asipewe, inapalia.

Nimechoka na uji. Niile na nini? (Babu, Kibosho)

Shikamoo babu. Mtori unakubali vizuri: ukishaponda ndizi na kuepua, tia kijiko kimoja kwa kila bakuli, koroga, kisha ulegeze na supu ya nyama uliyobakiza, kwa sababu utakaza ndani ya dakika tano. Waarusha wana loshoro, mahindi na maziwa mgando, na hapo flaksi iliyokaangwa hunyunyiziwa juu ikiwa kavu. Kwenye mchicha wa karanga, robo ya karanga iwe flaksi. Ikifika nusu, mboga inateleza na wajukuu watauliza maswali. Waethiopia huikaanga, huisaga na kuichanganya na maji na asali, wanaiita telba. Kunywa hiyo mara tu ukishaichanganya, ikikaa inakuwa ya kijiko.