Kikao kisicho na kura

SWALI: Mimi ni kijana wa Marafiki (Kwaker, dhehebu la Kikristo) kutoka Kaimosi, nasoma Uingereza. Nitahudhuria Mkutano wa Mwaka wa huku. Nyumbani tunaimba na mchungaji anahubiri; hapa nitasema lini?

JIBU: Ibada yao ni ya kimya, haina mchungaji. Kwenye kikao cha shughuli, ukitaka kusema, simama ungoje karani, yaani anayeongoza kikao, akuite. Taja jina lako, sema mara moja tu, kwa ufupi. Wageni huharibu hapa: humjibu aliyetangulia papo hapo, kikao kikageuka mdahalo. Acha kimya kipite kwanza. Hawapigi kura, karani huandika uamuzi palepale na kuusoma. Neno lisipokaa sawa, lisemee wakati huohuo, maana uamuzi ukishakubaliwa haubadilishwi baadaye. Makofi pia hayapigwi, hata hotuba ikikugusa vipi.