Kikapu cha bibi yako

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimekaa nalo siku nne. Umeniuliza: "Mama, tulipohamia Mpika mbona sikuwahi kukuona ukilia? Mimi hapa Hamburg miezi mitatu sasa, nikifunga mlango tu machozi yananitoka, na watoto wanadai turudi Temeke." Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwa simu ningeishia kukubembeleza.

Nililia, mwanangu. Nililia jikoni, moshi wa mkaa ukanisitiri. Ulikuwa na miaka saba, 1991, baba yako alipohamishiwa karakana ya reli ya TAZARA kule Mpika, Zambia. Wewe unakumbuka treni: Mlimba, Makambako, Mbeya, unapunga mkono dirishani. Mimi nakumbuka kwamba tulipoipita Tunduma, pale mpakani, lugha ya watu ilinipotea masikioni. Baba yako alikuwa na kazi na wenzake. Ninyi haikupita muda mkawa mnagombana kwa Kibemba. Mimi nilibaki na nyumba, na baridi ya Juni ambayo sikuwahi kuijua.

Kila mwezi bibi yako alimpa mtu wa relini kikapu atuletee: nazi, mchele, dagaa, bizari, hata chumvi. Nikikipokea nafurahi siku mbili, kisha naanza kuhesabu siku za kingine. Miezi minane sikukanyaga sokoni.

Halafu kikaja kikapu chepesi. Ndani mna kipande cha karatasi, mwandiko wa mjomba wako: "Mama anasema nunua huko huko." Nilimkasirikia mama yangu hata chakula hakikupita. Lakini ninyi mlitaka kula. Nikajitanda kanga, nikaenda. Nikaona majani ya muhogo, nikayaonyesha kwa kidole. Mama muuzaji akasema, "Katapa." Nikasema, kisamvu. Akacheka, akanirudia neno lake polepole mpaka nikalitamka, kisha akanionyesha kwa mikono jinsi ya kuyapika na karanga za kutwanga, kwa kuwa nazi sina. Kisamvu cha karanga unachowapikia wanao hadi leo kilitoka kwenye meza ya mama yule. Wiki iliyofuata nilirudi kwake, na mboga nyumbani ninazo. Usiku nilipojifungua mdogo wako, yeye ndiye aliyekuja kulala na ninyi.

Miaka ikapita ndipo nikamuuliza bibi yako kwa nini alinifanyia vile. Akasema kile kikapu kitupu kilikuwa kizito kukifunga kuliko vyote alivyovijaza. Sikumwelewa. Mwezi huu nimemwelewa.

Maana simu yangu, mwanangu, ndiyo kikapu chako. Unanipigia asubuhi, unanipigia ukitoka kazini, jioni unaniweka mezani mpaka watoto walale. Nazipenda simu zile. Naoga mapema ili zinikute nimetulia. Lakini saa kumi, giza linapoingia huko, ukienda kuwachukua watoto mama wenzio wamesimama getini pale pale, na wewe simu i sikioni, uko Temeke na mimi. Watakusalimia vipi? Mambo ya kujiandikisha makazi, benki na bima mmeyamaliza vizuri na mumeo, sina la kuongeza. Kijerumani nacho usingoje ukijue ndipo ufungue mdomo. Mimi nilianza na jina la mboga moja.

Kwa hiyo tuanze wiki hii: tuongee Jumapili tu. Mtoto akiugua, piga hata usiku wa manane, nitapokea.

Uliniambia bibi wa ghorofa ya chini aliwaletea keki mlipofika, mkapokea, mkafunga mlango, na sahani yake iko kabatini mpaka leo. Kwetu sahani hairudi tupu, unajua. Jumamosi kaanga maandazi ya hiliki, umpelekee yangali ya moto, na watoto uende nao. Jumapili nataka unisimulie alisema nini.

Mama yako