Barua kwa mwanangu: Somo wa mjukuu wangu, Askofu Bonifasi

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu na huyo mgeni mdogo. Umeniuliza maswali mawili kabla hamjampeleka kubatizwa kwa jina la Bonifasi: je, ni kweli mtakatifu huyo aliangusha mti wa wapagani kwa pigo moja la shoka, na je, heshima yake yote inatokana na huo mti?

Pigo moja, hapana. Padre Willibald, aliyeandika maisha yake miaka michache baada ya kifo chake, anasema Bonifasi alikuwa amelichanja shina kidogo tu, upepo mkali ukavuma, mwaloni ukaanguka na kupasuka vipande vinne. Ilikuwa Geismar, katika Hessen ya Ujerumani, mnamo 723. Mti ulikuwa wa Donar, mungu wa radi. Watu walisimama pale wakimlaani moyoni, na walipoona hakupatwa na lolote, wakaamini. Mbao akajengea kanisa dogo la Mtume Petro. Ila picha za kanisani haziioneshi ngome ya Büraburg iliyokuwa karibu na hapo, ngome ya Wafranki, yaani taifa la Kikristo lililotawala eneo hilo, wala barua ya ulinzi aliyopewa na mtawala wao, Charles Martel. Baadaye yeye mwenyewe alimwandikia Askofu Daniel wa Winchester kwamba bila mkono wa mtawala wa Wafranki asingeweza kuwalinda mapadre wake wala kuzuia ibada za sanamu. Kwangu mimi ukweli huo unampandisha, haumshushi.

Alizaliwa Uingereza mnamo 675 kwa jina la Wynfrith. Alikuwa mmonaki na mwalimu huko Nursling, hata akatunga kitabu cha sarufi ya Kilatini. Safari yake ya kwanza ya umisionari, Frisia (pwani ya Uholanzi ya leo) mwaka 716, ilishindikana: Radbod, mfalme wa huko, alikuwa vitani na Wafranki, na dini ya Wafranki ilionekana ni dini ya adui. Akarudi nyumbani. Mwaka 719 Papa Gregori wa Pili akampa jina la Bonifasi na kumtuma rasmi, na mwaka 722 akamweka wakfu kuwa askofu.

Na swali lako la pili: hapana, si mti tu. Kazi yake iliyobaki hadi leo ni ya kupanga Kanisa. Mwaka 739 aliziweka sawa dayosisi nne za Bavaria: Salzburg, Regensburg, Freising na Passau. Halafu akaitisha sinodi kuwarudisha mapadre kwenye mstari: wasibebe silaha, wasiwinde kwa mbwa na mwewe, wasivae kama walei, na kila padre atoe hesabu ya huduma yake kwa askofu wake kila mwaka wakati wa Kwaresima. Mwaka 744 mwanafunzi wake Sturm akaanzisha monasteri ya Fulda kwa agizo lake.

Hakuwa mtu asiyekosea. Padre mmoja huko Bavaria alikuwa na Kilatini kibovu, akabatiza kwa kusema "patria et filia", yaani nchi na binti, badala ya Baba na Mwana. Bonifasi akaagiza waliobatizwa hivyo wabatizwe upya. Papa Zakaria akamkatalia mwaka 746: padre yule hakukosea imani, alikosea lugha, basi ubatizo unasimama. Mkumbuke hilo siku padre wenu atakapojikwaa ulimi kisimani.

Soma barua zake mkizipata, mwanangu. Humo ndimo alimo. Anamwomba Eadburga, abesi, yaani mkuu wa monasteri ya wanawake, amnakilie nyaraka za Mtume Petro kwa herufi za dhahabu, ili wasikilizaji wake wayaheshimu Maandiko kwa macho pia. Akiwa mzee anamwomba Askofu Daniel kitabu cha manabii kilichoachwa na marehemu mwalimu wake, kwa sababu kimeandikwa kwa herufi kubwa zisizounganishwa, na macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Watawa wa kike nao aliwaita kutoka kwao Uingereza waje kufundisha. Mmoja wao, Leoba, ndiye aliyeongoza monasteri ya Tauberbischofsheim.

Karibu na umri wa miaka 80 alirudi Frisia, kulekule alikoshindwa ujanani. Tarehe 5 Juni 754, karibu na Dokkum, alikuwa akiwasubiri wabatizwa wapya waje kupokea kipaimara. Alfajiri wakaja watu wenye silaha. Aliwakataza wenzake wasipigane, wakauawa pamoja naye. Wauaji walidhani masanduku yake yana dhahabu. Walikunywa divai waliyoikuta, wakauana wenyewe kwa wenyewe kwa kugombea mali, na waliobaki walipofungua wakakuta vitabu, wakavitupa kwenye matete na matope. Huko Fulda, alikozikwa, kimetunzwa kitabu kimoja chenye alama za kukatwa, na mapokeo yanasema alikiinua kujikinga.

Sikukuu ya somo ni 5 Juni. Waambie wasimamizi wa mtoto mapema, na jina liandikwe kwenye cheti cha ubatizo kama mnavyotaka liwe kwenye cheti cha kuzaliwa, maana kuna wanaoandika Bonifasi, Boniface na Bonifas, na kurekebisha baadaye ni usumbufu.

Wako,
Mama