Ukikutana na chui, usikimbie

Umeuliza kama ukikutana na chui hapo karibu na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru ukimbie. Usikimbie hata kidogo! Anayekimbia humwamsha chui hamu ya kuwinda. Simama wima, mtoto mweke mgongoni, kisha rudi kinyumenyume polepole bila kumkazia macho. Akija, piga kelele, inua koti juu ya kichwa.

Chui wengi hushambulia wakishtuliwa, wakilinda watoto au wakiwa wamejeruhiwa. Hata mmoja wa simba wala watu wa Tsavo, Kenya, wa 1898 alikuwa na chonge lililovunjika, na uchungu wake si mdogo.

Tafadhali, usiku msitembee peke yenu kichakani. Mkiona nyayo zake, wapigieni KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya), msimfuate na panga.