Swali la lugha: "Kiwango cha lami" ni kiwango gani?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi hapa Dodoma. Ninaandika ripoti kuhusu programu ya kompyuta inayokadiria jinsi matairi ya malori yanavyoacha mifereji kwenye lami, nami nimeiita "Modeli ya Kutabiri Mashimo katika Barabara za Kiwango cha Lami". Mwenzangu anadai kwamba "mashimo" si neno sahihi. Je, nitumie lipi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Shimo huwapo pale ambapo kitu kimeng'oka kikaondoka, ilhali katika jambo unalolichunguza hakuna kilichoondoka: lami imegandamizwa na kusukumwa pembeni, ikaacha mfereji kwenye njia ya matairi na mara nyingi kigongo kando yake. Lami hiyo imebonyea. Usiandike kwamba "imetitia" isipokuwa pale ambapo tabaka za chini, au udongo wenyewe, ndizo zilizoshuka. Modeli yako italazimika kutenganisha mambo hayo mawili, na Kiswahili kimekwisha kuyatenganisha. Kuhusu "modeli", naivumilia. "Kielelezo" lingenipendeza zaidi, lakini mahakama zimelizoea kwa ushahidi wao na sina nguvu za kugombana nazo.

Nguvu zangu nimeziweka kwa ajili ya "kiwango cha lami". Kiwango ni mtoto wa kitenzi cha zamani "wanga", yaani kuhesabu, na kwa hiyo hudai kipimo. Lami ni kitu cheusi kinachonata. Siku hizi hapa makao makuu ya nchi hakuna hotuba, bango la mradi wala taarifa ya habari inayothubutu kusema kwamba barabara fulani itawekwa lami. Ni lazima "ijengwe kwa kiwango cha lami", na sasa hata mzee wa Kongwa anayelalamikia vumbi anaomba kiwango badala ya lami. Mbona hatujasikia mtu aliyeezeka nyumba yake kwa kiwango cha bati? Bati ni bati, na anayetaka kujua kiwango chake huuliza geji.

Najua utetezi utakaoletwa: kwamba kuna "kiwango cha changarawe", hivyo lazima kiwepo na cha lami. Huko ni kutetea kosa kwa kosa pacha. Wahandisi wenyewe hutofautisha lami nyepesi, ambayo hunyunyizwa na kumwagiwa kokoto juu yake, na lami nzito, ambayo huchanganywa na kokoto mtamboni, ikatandazwa ingali moto na kushindiliwa. Zote mbili zinaitwa "kiwango cha lami", ingawa hazibonyei kwa namna moja: ile nyepesi ni ngozi tu, na mfereji ukitokea juu yake chanzo hutafutwa chini, bali ile nzito yaweza kubonyea yenyewe, hasa jua linapoichoma na lori lililoshiba mzigo linapoipanda taratibu. Lori linalokokota gia ya chini katika mlima Sekenke huikalia lami muda mrefu kuliko linalokimbia kwenye tambarare za Bahi, na lami yenye joto, kwa kuwa hutiririka polepole inapoelemewa, hairudi yote mahali pake tairi linapopita.

Hivyo ndivyo viwango ambavyo kompyuta yako inavidai. Huwezi kuiandikia "kiwango cha lami" ikakuelewa, kwa sababu itakuuliza unene wa kila tabaka, ugumu wake, joto, mwendo wa gari, upepo wa matairi na uzito wa kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, kisha ipitishe gurudumu tena na tena na kujumlisha kibonyeo kidogo kinachobaki kila mara. Katika uzito hasa, neno "kiwango" lina kazi ya heshima. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake, kwa hiyo ekseli ya tani 12 huiumiza barabara kama mara mbili ya ekseli ya tani 10. Dereva anayezidisha tani mbili akifika kwenye mizani amezidisha kiwango, na hapo hata mimi nasema "kiwango" bila kununa.

Sitarajii kushinda. Wasomaji wa taarifa ya habari wataendelea, na mafundi wa mabango wanalipwa kwa herufi. Lakini ripoti yako iite "Modeli ya Kompyuta ya Kukadiria Kubonyea kwa Lami Nzito Chini ya Malori", na msimamizi wako akikurudishia "kiwango" ndani yake, mwombe akitaje kwa milimita.