Aleji na msongo wa mawazo: majibu ya maswali yenu

Shikamoo daktari. Nina pumu tangu utotoni. Kila mitihani ikikaribia kifua kinabana, na wenzangu chuoni wananicheka kwamba ni woga tu. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Woga upo na pumu ipo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti mdogo wa wanafunzi 20 wenye pumu isiyo kali. Waliwavutisha vitu vinavyowaletea aleji mara mbili: masomo yakiwa yametulia, na wakati wa mitihani. Wakati wa mitihani makohozi yao yalikuwa na seli nyingi zaidi za eosinofili, zinazoandamana na uvimbe wa njia za hewa. Makohozi hayajui kudanganya.

Ila jichunguze pia. Huo ndio msimu wa kulala kwa muda wa saa nne tu na kusahau dawa. Inhela ya kinga usiiache hata siku moja, na ile ya bluu, ya kufungua kifua kikibana, iwe mfukoni unapoingia kwenye mtihani. Ukijikuta unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, nenda kliniki sasa, usingoje likizo.

Mtu akiogopa mwili hutoa adrenalini, na adrenalini ndiyo sindano ya aleji kali. Mbona basi msongo uzidishe aleji? (Mwalimu wa Baiolojia, Kisumu)

Mwalimu, hapo umenikamata. Ni kweli adrenalini hutanua njia za hewa. Lakini haiji peke yake. Kwenye ngozi, pua na mapafu kuna seli ziitwazo masti, zilizojaa histamini. Zikikutana na kitu chenye aleji, tuseme kinyesi cha utitiri wa vumbi, huimwaga, na hapo ndipo kuwasha na chafya huanza. Seli hizo zimekaa jirani na nyuzi za neva, tena zina vipokezi vya homoni ambayo ubongo huitoa mwanzoni kabisa mwa msongo. Kwa hiyo taabu za moyoni huzifikia.

Halafu kuna kotisoli, homoni nyingine ya msongo, ambayo kwa kawaida hutuliza uvimbe. Msongo ukidumu miezi, seli za kinga huizoea na kuacha kuitii, kama mtoto anayefokewa kila siku.

Nina kesi ya shamba. Kila siku ya mahakama natokwa na mabaka yanayowasha mwili mzima. Jirani anasema nimerogwa. (Baba wa watoto watatu, Tanga)

Na jirani yako sitabishana. Mabaka yanayoibuka, yakapotea ndani ya saa 24 na kuhamia kwingine huitwa urtikaria, na msongo ni mmoja wa vichochezi vyake. Wengine hutokwa na vipele vidogo kila mwili unapopata joto: jua, mbio, pilipili, hata hasira. Kumbuka pia ulimeza nini asubuhi hiyo, maana aspirini na diklofenaki nazo huyaamsha. Piriton itasaidia, ila utamsinzilia hakimu. Setirizini, dawa nyingine ya aleji, hailetei wengi usingizi kiasi hicho.

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikakwama, pumzi ikabana au ukaishiwa nguvu, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Usikae kusubiri kidonge.

Mume wangu anasema aleji yangu ni ya kichwani, eti napiga chafya nikikasirika tu. (Mama, Mombasa)

Nitampa nusu ya haki yake. Mwaka 1886 daktari John Noland Mackenzie wa Baltimore alimwonyesha mgonjwa wake, aliyekuwa akiugua kila akikaribia mawaridi, waridi la bandia. Pua ikaanza kuchuruzika! Lakini huyo ni mgonjwa mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwachoma watu 28 wenye mafua ya aleji kwa vipimo vya ngozi, yaani kudunga kidogo vitu vinavyoleta aleji na kupima uvimbe unaotokea, siku ya utulivu na siku waliyolazimishwa kuhutubia na kupiga hesabu kichwani mbele ya watu. Waliopata wasiwasi, uvimbe wa ngozi uliongezeka siku ya hotuba. Aleji ilikuwepo tangu mwanzo; wasiwasi uliichochea kuni tu. Mwambie hivyo, akiwa ametulia.

Nikifanya mazoezi ya kupumua kila siku, niache dawa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Fanya yote mawili.