Boya lilisema 7.4, sato walishakufa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma kaniandikia: "Kaka, nimeona picha ya boya lako, na mimi nataka langu. Nianzie wapi?" Nikacheka, maana aliloliona ni boya la pili. La kwanza lipo nyuma ya jiko, kuku wanalitagia.

Nafuga sato kwenye vizimba upande wa Luchelele, hapa Mwanza. Lile boya la kwanza nililichukua kwa pesa ya mkopo, linipimie oksijeni ya majini na kunitumia namba kwenye simu: sola juu, sensa ya oksijeni chini, laini ya simu katikati. Nikajiona nimemaliza kila kitu. Usiku mmoja upepo ulikata kabisa, ziwa limetulia kama uji kwenye sahani. Saa kumi na moja alfajiri nikafungua simu, inasoma miligramu 7.4 kwa lita. Nikavuta shuka. Saa moja mlinzi ananipigia: "Bosi, maji yamekuwa meupe." Yalikuwa matumbo ya sato. Tulihesabu hadi 2,600, tukachoka.

Ile 7.4 ilikuwa ya jana yake, saa tisa alasiri. Kifurushi kilikwisha jioni, boya likanyamaza, simu ikabaki kunionyesha namba ya mwisho. Mchana ule mwani wa kijani majini hutoa oksijeni, namba zinapendeza. Usiku mwani huohuo huivuta, na kabla jua halijachomoza ndipo hali huwa mbaya kuliko zote. Aliyeniuzia hakuniambia hata neno moja la hayo. Mpaka leo simu zangu hapokei.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tazama saa kwanza, namba baadaye. Sensa ishushe walipo samaki. Alfajiri ikisoma chini ya 4, chakula kisubiri. Samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi. Vijana kununua tunapenda, kutunza ndiyo shida! Tunapiga picha, tunaposti, halafu ute na konokono wanahamia kwenye sensa mwezi mzima. Isugue kila wiki kwa mswaki laini, si kwa stilwaya, maana uso wake ukichubuka umeiua. Tena nenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, uwaeleze wavuvi lile dude ni nini, kabla hawajafunga mitumbwi yao hapo. Mimi nilikwenda sola ikiwa imeshaondoka.

Jumamosi nasugua langu, saa kumi na mbili asubuhi. Ukiweza kufika, njoo na mswaki wako.